Gia moja, tope tele: maswali yenu ya saiklokrosi

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa wenye baiskeli ya milimani ya gia moja wanaotaka kuingia nayo kwenye saiklokrosi. Nimeyapokea kwa furaha, maana ni mbio ninazozipenda kwa dhati: mzunguko mfupi wa majani, tope na mchanga, unaorudiwa mpaka muda uishe, na mwendeshaji anashuka na kupanda tena baiskeli njiani.

Nitakubaliwa na baiskeli ya milimani, au nitarudishwa pale pale kwenye usajili?

Hiyo hutegemea ngazi ya shindano. Panapofuatwa kanuni za UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, hutapita, kwa sababu tairi haliruhusiwi kuzidi upana wa milimita 33, na la kwako bila shaka limevuka 50. Kwenye mashindano ya klabu waandaaji wengi hupokea baiskeli za milimani, na wengine wana kundi kabisa la gia moja. Soma kanuni kabla ya kulipa kiingilio. Kama una pembe kwenye ncha za usukani, zifungue uziache nyumbani. Hukatazwa mara nyingi, na kwa haki: watu huanza wamebanana bega kwa bega, na pembe moja inaweza kunasa usukani wa jirani ikaangusha watu kadhaa.

Nina sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) ya meno 32 mbele na 16 nyuma, magurudumu ya inchi 29. Inatosha?

Kwa mbio hizi naiona nzito. Tupige hesabu. Gurudumu lako likizunguka mara moja, baiskeli inasogea takriban mita 2.3. Kwa 32 na 16, kila mzunguko wa pedeli unakupeleka kama mita 4.6, na ukikanyaga mizunguko 90 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 25 kwa saa. Ukifunga 18 nyuma, mwendo kwa mizunguko ile ile unashuka hadi 22. Ukifunga 20, ni 20.

Najua ile 25 inavutia. Lakini kwenye majani yaliyolowa huwezi kuishikilia kwa muda mrefu, na kona za saiklokrosi hukurudisha ulikotoka, moja baada ya nyingine. Kila ukitoka kwenye kona unaanza karibu na kusimama, na hapo ndipo gia nzito inapokumaliza mapaja. Katika mzunguko mmoja utaanza hivyo mara nyingi; sehemu iliyonyooka utaipita mara moja au mbili tu. Mimi ningefunga 18, na siku ya tope zito 20. Kwenye tambarare wenye gia nyingi watakupita huku miguu yako ikizunguka kama cherehani. Waache waende. Tumia nguvu zako kuingia kwenye kona bila kushika breki kupita kiasi, kwa sababu kila mwendo unaoupoteza pale itabidi uulipe kwa miguu.

Msomaji mwingine ana magurudumu ya inchi 26 na meno hayo hayo, 32 na 16. Wewe usibadilishe kitu: kwa gurudumu dogo, hiyo ni karibu sawa na 32 na 18 ya mwenzako.

Mnyororo unachomoka kila nikirukia baiskeli.

Angalia kwanza sproketi zenyewe. Zilizotolewa kwenye baiskeli ya gia nyingi zina meno mafupi yaliyochongwa ubavuni ili mnyororo uhame kwa urahisi, na wewe hutaki uhame. Tafuta zenye meno marefu yasiyochongwa. Kisha simama nyuma ya baiskeli utazame: mnyororo uende mstari mmoja kutoka mbele hadi nyuma. Mwisho ni kukaza. Zungusha pedeli polepole utafute mahali mnyororo unapokaza zaidi, kwa sababu sproketi chache ni duara kamili, na hapo uache uchezecheze kama sentimita moja. Ukikaza zaidi ya hapo unatafuna bearingi.

Kilima kinanishinda katikati, nashuka na kukimbia. Naona aibu.

Ondoa aibu hiyo, tafadhali. Kanuni zenyewe zinataka angalau asilimia 90 ya njia iweze kuendeshwa, maana yake kipande kinachobaki kimeachiwa miguu. Bingwa wa kwanza wa dunia wa saiklokrosi, mwaka 1950 mjini Paris, alikuwa Jean Robic, mshindi wa Tour de France ya 1947, naye alishuka na kubeba baiskeli kama wengine.

Kosa lako ni kungoja ushindwe. Ukishuka wakati pedeli zimeshakataa kuzunguka, umesimama, na unaanza kukimbia bila mwendo wowote. Amua ukiwa chini ya kilima. Pitisha mguu wa kulia nyuma ya kiti, ushuke upande wa kushoto, mbali na mnyororo, ukiwa bado unateleza, na mguu uguse ardhi ukikimbia. Kwenye vizuizi vya mbao, ambavyo havizidi sentimita 40, inua baiskeli kwa bomba la juu, usiihangaishe begani. Fremu ya milimani ina pembetatu ndogo. Kama kilima ni kirefu na lazima uibebe, toa kishikio cha chupa ili bega lipate nafasi.

Jambo moja la gia moja: usirukie baiskeli kabla ya kufika juu. Mwenye gia nyepesi anaweza, wewe utakwama. Kimbia hatua tano zaidi mpaka ardhi ilale, ndipo upande, ukitua kitini kwa upande wa ndani wa paja.

Tairi pana si faida kwenye tope?

Kwenye mchanga ni faida. Kwenye tope linalonata, tairi jembamba hukata hadi ardhi ngumu na huacha nafasi kwenye foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ili tope lipite. Chukua jembamba kuliko yote linalokaa salama kwenye ringi yako. Upepo upunguze kidogo kidogo wakati wa mazoezi mpaka uhisi ringi inakaribia kugonga mizizi, kisha ongeza pampu mbili.

Foku yangu ina springi. Niifunge?

Kama ina kifungio, ifunge. Ukisimama kwenye pedeli, na kwa gia moja utasimama sana, springi inameza nguvu. Ifungue tu kama njia ina mizizi mingi.