Shangazi wa Maua: Shada la Desemba na Asumini za Usiku

Shikamoo Shangazi. Naolewa Desemba hapa Dar es Salaam. Ibada ni saa nane mchana, picha tunapigia ufukweni, sherehe saa moja usiku. Kwenye simu nimeona shada la piyoni za waridi mpauko, nimelipenda mpaka naliota. Mpambaji anasema piyoni hazipatikani, nichukue hidrenja. Mama anasema nichukue waridi kama watu wote. Nimsikilize nani? – Bibi harusi mtarajiwa, Tabata

Marahaba mwanangu, na hongera sana.

Mpambaji wako amekwambia kweli kuhusu piyoni. Ni ua la nchi za baridi. Mmea wake usipopitiwa na majira ya baridi kali hauchanui, kwa hiyo usitegemee kulikuta bustanini huku Pwani. Likifika hapa limeshasafiri kwa ndege, na bei yake inasafiri nalo.

Hidrenja tunayo, huko milimani kwenye ubaridi inastawi vizuri sana. Lakini kwa siku yako siiungi mkono. Ua hili linakunywa maji kuliko mengi ninayoyashika. Likiwa ndani ya chombo mezani ni zuri ajabu. Likitolewa majini na kushikwa mkononi kwenye joto, petali zake hulegea kama karatasi iliyolowa. Na wewe hebu tuhesabu: unatoka saluni saa sita, kanisani saa nane, ufukweni saa kumi na upepo wa kaskazi unavuma, ukumbini saa moja. Hizo ni saa saba, Desemba, Dar es Salaam. Kabla hujauliza rangi, muulize fundi wako swali moja: hili ua litakuwaje saa moja usiku? Akisitasita, omba lingine.

Kwa hiyo niko upande wa mama. Chukua waridi, na si lazima lifanane na la watu wote. Waridi nyingi za harusi hapa mjini zinatoka mashamba ya Arusha, zaidi ya kilomita 600, na nyingine zinashuka usiku kucha kwa basi. Usinunue kwa macho peke yake. Shika ua, libonyeze taratibu kwa vidole viwili pale chini petali zinapoungana na kikonyo. Likiwa gumu, limekatwa karibuni. Likibonyea kama andazi, limeshakaa. Petali mbili tatu za nje zikiwa na michubuko au ukijani usizikatae: hizo ndizo zimelilinda njiani, na zinabanduliwa siku yenyewe.

Sasa ile sura ya piyoni uliyoipenda. Mwambie fundi achague waridi zenye petali nyingi, rangi hiyohiyo ya mpauko, na asubuhi ya harusi azikunjue petali za nje moja moja kwa kidole gumba, azirudishe nyuma. Ua lililokuwa kama yai linageuka kama kikombe kilichojaa. Shada la waridi 20 hadi 25 za namna hiyo linatosha kabisa. Zaidi ya hapo mkono utakuuma, na picha za ufukweni zitaonyesha bega moja limeshuka. Ila kazi hiyo isifanyike jana yake, maana waridi lililokunjuliwa halina maisha marefu.

Maua yafike siku mbili kabla. Shina likatwe mshazari kwa kisu kikali, majani ya chini yaondolewe yote yasiozee majini, ndoo iwe imesuguliwa kama chombo cha kulia. Kijiko kimoja cha sukari na matone machache ya jiki kwenye ndoo vinasaidia. Ndoo ikae kivulini, na isikae jikoni! Desemba ni msimu wa maembe, nyumba ya harusi itakuwa na matenga yake na mikungu ya ndizi. Matunda yanayoiva hutoa hewa inayozeesha maua upesi.

Na hili nakwambia kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilimfungia binti mmoja shada la waridi nyeupe, nikalikabidhi saluni saa sita, nikaondoka. Mtu kwa nia njema kabisa akalihifadhi kwenye buti la gari lisichafuke. Gari likasimama juani. Nilipofika kanisani binti ameshika maua yenye kingo za kahawia, na yeye bado anatabasamu kwa sababu hajalitazama. Lawama ilikuwa yangu, sikumwambia mtu yeyote lishikwe vipi. Tangu siku hiyo shada langu haliondoki bila kindoo chake, na bila msichana mmoja aliyepewa kazi hiyo tu: shada likitoka mkononi mwa bibi harusi, linarudi majini. Chagua mdogo wako mmoja mapema, umpe cheo hicho.

Assalaam alaykum Shangazi. Binti yangu anaolewa Unguja, na shughuli ya kina mama ni usiku. Mimi nataka apambwe kwa asumini na vikuba kama tulivyopambwa sisi. Yeye anataka shada la waridi mkononi, anasema asumini ni mambo ya bibi. Tumenuniana wiki nzima. – Mama Bi Harusi, Unguja

Waalaykum salaam dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, maana mimi nimelelewa Ng'ambo, mtaa wa hukohuko mjini Unguja, na bibi aliyekuwa akitunga asumini barazani.

Alasiri ikiisha, kabla ya adhana ya magharibi, bibi alinituma na sinia nichume vitumba, si maua. Vitumba vyeupe vilivyofumba, virefu kidogo, ambavyo usiku ule ule vitachanua. Lililokwisha kufunguka alilirudisha: “Hili la jana.” Akatia uzi kwenye sindano nyembamba, akachoma kwenye kikonyo, kitumba kwa kitumba, koja likirefuka mapajani mwake. Mwanamke akivalishwa nalo magharibi halinukii kitu. Ikifika isha, amekaa katikati ya wenzake, vitumba vinaanza kufunguka kichwani kwake na harufu inajaa chumba. Asubuhi yake petali zinakuwa na wekundu wa kahawia, kazi imekwisha. Ua hili limeumbiwa usiku, na shughuli yenu ni ya usiku. Mwambie binti hivyo, kwa maneno hayohayo. Huenda hajui kwamba asumini zitachanua akiwa amezivaa.

Na yeye msikilize pia. Shada la mkononi anataka kwa ajili ya picha, nalo halimdhuru mtu. Mfungieni dogo la waridi, na badala ya ribani ndefu teremsheni nyuzi tatu nne za asumini chini yake. Kikuba chenyewe, kile cha rihani, asumini na vipande vya mkadi, lile ua la kunukia, kikae nyweleni au kibanwe kifuani, karibu na pua. Mkadi tafuteni mapema, si kila siku unakuta mtu anao. Kilua, ua jingine la kunukia, mkikipata, tieni kimoja tu, harufu yake inatosha.

Mambo mawili ya kazi. Vitumba vikichumwa vifungwe ndani ya kitambaa kibichi cha pamba, visitiwe kwenye mfuko wa nailoni, vitaungua. Na aliyevaa asumini asipulizwe manukato juu yake. Spirti inachoma petali, tena harufu mbili zinagombana. Udi afukizwe nguo kabla, asumini zije mwisho.

Salaam Shangazi. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya harusi, bajeti imebana. Tukiweka maua ya plastiki ukumbini ni aibu? – Morogoro

Si aibu, ndugu mwenyekiti. Yale ya juu, kwenye tao la mlangoni na darini, ambako hakuna mkono wala pua inayofika, wekeni ya kutengeneza, lakini yaoshwe. Vumbi linaonekana kwenye taa. Fedha ya maua halisi ielekezeni sehemu tatu: mkononi mwa bibi harusi, kifuani mwa bwana harusi, na mbele ya wazazi. Majani ya kujazia msinunue, Morogoro mmejaliwa kijani. Omba tu ruhusa ya mwenye bustani. Bogonvilia mnayoiona inawaka kwenye ua wa kila nyumba msiitegemee kwa shada. Ikikatwa hunyauka upesi. Kama harusi ni katikati ya Februari, ulizeni bei ya waridi sasa hivi, kwa kuwa kwa ajili ya tarehe 14, siku ya wapendanao, mashamba yanapeleka mzigo mkubwa Ulaya na bei huku inapanda.

Shangazi, kwenye harusi ya dada yangu ua la lili lilimwaga unga wa chungwa kwenye gauni jeupe, tukapangusa kwa maji ukazidi kuenea. Mimi naolewa mwakani na nazipenda lili. Nifanyeje? – Arusha

Pole kwa gauni la dada. Ule unga ni chavua, na maji ndiyo yanayoupeleka ndani ya kitambaa. Lili likianza tu kufunguka, kabla unga haujakomaa, ng'oa vile vichwa vyake sita vya katikati kwa karatasi laini. Ua halitaharibika, tena wengi hatutambui kama vimetolewa. Mwambie fundi afanye hivyo kwa kila ua, na siku yenyewe akague vile vitumba vilivyochanua usiku. Ikitokea bado umemwagika, usiguse kwa kidole. Kung'uta kitambaa, kisha bandika selotepu juu ya unga na uinyanyue, bandika nyingine, hivyo hivyo mpaka ije safi. Alama itakayobaki iweke juani baada ya sherehe, jua huififisha. Na selotepu yenyewe itangulie kwenye mkoba wa msimamizi wako, pamoja na pini na sindano.