Mkutano wa wahandisi 300 Mwanza: kaeni mjini, watu watembee kwa miguu

Mkuu mleta mada, umeuliza kama Mwanza inaweza kubeba mkutano wa kimataifa wa wahandisi wa mitandao wapatao 300 kwa siku tano, na kama muuchukue ukumbi wa ile hoteli ya ufukweni nje ya mji au mbanane mjini. Nimewahi kuwa kwenye kamati ya mkutano wa aina hiyo hapa hapa Mwanza, washiriki 240, na mzigo wangu ulikuwa ukumbi, malazi na mtandao. Jibu langu ni kwamba Mwanza inabeba, ila kaeni mjini.

Hapa kwetu hamtapata hoteli moja ya kulaza watu 300. Mtake msitake watagawanyika kwenye hoteli tano au sita. Swali basi si hoteli gani ni nzuri zaidi, ni hoteli zipi ziko karibu karibu, na ukumbi uko umbali gani kutoka hapo kwa miguu.

Sisi tulivutwa na ziwa. Ukumbi tukaupata ufukweni, watu 80 hivi wakalala palepale, waliobaki wakalala mjini na kubebwa na Coaster asubuhi na jioni. Mchana mambo yalikwenda. Tatizo lilikuwa jioni. Mikutano ya kiufundi haimalizwi ukumbini, mkuu. Watu wawili wanaobishana saa nne asubuhi mbele ya maikrofoni ndio hao hao wanaoelewana saa tatu usiku wakila sato. Coaster yetu ya mwisho iliondoka saa kumi na mbili na nusu. Jioni ya tatu niliwakuta watu watano getini, laptop imewekwa juu ya ukuta mfupi wa bustani, mmoja anachora mishale nyuma ya ratiba ya mkutano, dereva anapiga honi. Wakaambiana watamalizia kesho. Kesho yake mmoja wao alikuwa na ndege ya alfajiri. Mpaka leo naumia nikikumbuka ile karatasi.

Hili wenzetu wameliandika kabisa. IETF, wale wanaotunga viwango vya intaneti, wana waraka wa mwaka 2020 wa namna ya kuchagua mahali pa mkutano, RFC 8718. Humo wanataka hoteli ziwe karibu na ukumbi, pawepo nafasi za watu kukaa na kuongea nje ya vikao, chakula cha bei nafuu kipatikane jirani, mtu wa kiti cha magurudumu afike kila mahali, na intaneti isiyochujwa. Usome kabla hujasaini chochote.

Kwa hiyo chora duara kuanzia Barabara ya Kenyatta hadi Capri Point, tafuta ukumbi ndani yake, halafu uzitembee mwenyewe njia za humo, saa mbili asubuhi na saa tatu usiku. Ukumbi si lazima uwe wa hoteli, ulizia na taasisi. SAUT kule Malimbe ni chuo kizuri, lakini mtarudi kwenye habari ya Coaster. Wangekuwa watu 1,000 ningekuambia nenda kwenye vituo vikubwa vya mikutano, AICC Arusha au Kituo cha Julius Nyerere Dar, bila kujiuliza mara mbili.

Mji wetu ni wa mawe na milima, ngazi ziko kila kona. Nenda na tepu. Pima milango ya ukumbi, ya choo na ya lifti. Chini ya sentimita 80 kiti cha magurudumu kinapata taabu. Sisi tulipima ukumbi, jukwaa tukalisahau. Mtoa mada mmoja alibebwa na vijana wanne na kiti chake mbele ya watu wote. Alishukuru kwa upole, lakini alikuwa mtaalamu aliyekuja kufundisha, hakustahili kunyanyuliwa kama mzigo. Fundi seremala angetengeneza njia ya mteremko kwa siku moja tu.

Sasa mtandao. Meneja atakuambia "waifai ipo na ina kasi". Kasi ni nusu ya habari. Muulize anwani za IP, yaani namba ambayo kila kifaa lazima kipewe ndipo kitumie mtandao. Siku ya kwanza, ilipofika chai ya saa nne, simu zikawa zinaonyesha zimeunganishwa lakini hakuna kinachofunguka. Faiba ilikuwa nzima. Rauta ya hoteli ilikuwa imepangwa kugawa anwani 254 tu, na kila kifaa kinashikilia yake saa 24. Watu 240 wana simu na laptop, wengine na tableti juu yake, kwa hiyo anwani ziliisha kabla hata ya mada ya pili. Tukapanua mtandao hadi ukubwa unaoandikwa /22, yaani anwani 1,022, tukashusha muda wa kushikilia hadi saa moja, mambo yakatulia. Kwa watu 300 hesabu vifaa 900, na usitegemee vifaa vya hoteli. Kodi au leta vyenu, rusheni waifai kwenye masafa ya 5 GHz, maana kwenye 2.4 GHz mna chaneli tatu tu zisizoingiliana na ukumbi mzima hautatosha humo. Omba ruhusa ya kuvuta kebo zenu, na iandikwe kwenye mkataba. Vifaa vikitoka nje ya nchi, anza mapema na TRA (mamlaka ya mapato) na TCRA (mamlaka ya mawasiliano).

Umeme: usiulize kama kuna jenereta. Mwombe fundi ashushe swichi kuu ya umeme mbele yako, viyoyozi vyote vikiwa vinafanya kazi, uhesabu sekunde mpaka jenereta ishike. Kwetu zilikuwa kumi na nane. Taa zinavumilia hizo sekunde, swichi za mtandao (vile vifaa vinavyogawa mtandao kwa kebo) zinazima na kuwaka upya, na ukumbi mzima unapoteza dakika tano. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, kwenye kila swichi ya mtandao inamaliza tatizo.

Kwenye VPN, ile njia ya siri ya kuunganisha kompyuta na mtandao wa kazini kupitia intaneti, kuwa muwazi na wageni mapema. Oktoba 2023 TCRA ilitoa taarifa ikiwataka wanaotumia VPN nchini wajisajili. Hawa watu kazi zao zinapita humo kila siku, hivyo andikieni TCRA, mpate majibu kwa maandishi, muyaweke kwenye barua ya mwaliko. Viza nayo isubiriwe kwa miezi, kuna mataifa ambayo maombi yao lazima yapate kibali maalumu kwanza.

Ndege. Wengi watapitia Dar. Q400 ya ATCL, shirika letu la ndege, inabeba abiria 76, Airbus A220 inabeba 132, na ndani yake wamo wasafiri wa kawaida. Watu 300 hawaingii Mwanza jioni moja. Wapangieni kufika ndani ya siku mbili, na muwe na hoteli ya akiba Dar kwa watakaoachwa na ndege ya kuunganisha.

Kwenye mkataba, bei iwe kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo ukiletewa jedwali la dola, rudisha. Pia usiahidi vyumba vyote 300 bila tarehe ya kurudisha visivyochukuliwa. Sisi tulilipia vyumba 22 ambavyo hakuna aliyelala.

Hafla ya ufukweni ifanyeni usiku mmoja, inapendeza sana, ila angalieni kalenda ya mwezi. Mwezi ukiwa mchanga wadudu wa ziwani hutoka kwa mawingu na kufuata taa, wanaingia hadi kwenye glasi. Na msije wiki ya Nanenane, vyumba vya mji huu vinajaa watu wa maonesho ya Nyamhongolo. Ukishapata majina ya kumbi mbili tatu yaweke hapa, nitapita na tepu yangu.