Kodi ya jengo kwenye LUKU: nani anailipa katika nyumba ya vyumba sita?

Agosti 2021 nilikuwa nimepanga chumba Mbagala, Dar es Salaam, katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Umeme tulinunua kwa zamu. Siku ya zamu yangu niliweka 2,000, zikaja uniti chache mno. Nikarudi kwa wakala nikiwa nimefura, nikamsema maneno ambayo kesho yake ilibidi nirudi kumwomba radhi, maana alikuwa hana kosa lolote. Meseji ilieleza kila kitu, ila mimi nilisoma namba za tokeni tu. Shilingi 1,000 zilikuwa zimekatwa kama deni. Ndiyo kwanza kodi ya majengo ilikuwa imeanza kukusanywa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia.

Naandika haya kwa ajili ya mpangaji wa chumba, na pia kwa mwenye nyumba ambaye naye hana kikubwa zaidi ya hivyo vyumba vyake.

Kodi hii ni ya mwenye jengo. Kisheria ni deni lake, si lako. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa inakatwa 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Lakini mita haimjui mwenye nyumba. Inamjua yule aliyetangulia kununua umeme mwezi huo.

Ukiigawa kwa vyumba sita, 1,500 ni shilingi 250 kwa chumba, pesa isiyostahili kugombanisha watu. Shida ni kwamba haigawanyiki yenyewe, inamwangukia mmoja. Nyumba ya watu wengi inayotumia mita moja hupita haraka uniti 75 kwa mwezi zinazouzwa kwa bei nafuu, kwa hiyo uniti moja, pamoja na makato yake, inafika karibu shilingi 356. Ukinunua wa 2,000 ungepata uniti tano na nusu. Ikikatwa 1,500, unabaki na uniti moja na kidogo, haifiki asubuhi kama kuna friji.

Basi kwetu watu wakaanza kukwepa. Tarehe moja ikifika, huyu hana hela, yule kasafiri, mwingine simu imezima. Aliyekuwa hawezi kukwepa ni dada wa chumba cha mwisho, muuza vitumbua, anayeamka saa kumi alfajiri na lazima awashe taa. Akawa ananunua yeye, mwezi baada ya mwezi. Siku tulipokaa kupiga hesabu tukakuta ameilipia karibu peke yake nyumba isiyo yake. Nilijisikia vibaya, kwa sababu na mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wakisubiri anunue.

Tulichofanya ni kukusanya meseji za miezi sita zinazoonyesha makato, jumla 9,000, kisha mimi na dada huyo tukaenda kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama. Tumekuja kuhusu kodi."

"Marahaba wanangu. Kodi si mmeshanilipa ya miezi mitatu?"

Neno lenyewe ndilo lilitukwamisha. Kwetu kodi ni ya chumba, na kodi ni ya serikali. Ongeza pango la ardhi linalolipwa serikalini, ongeza na ile kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango la nyumba, mtu mzima lazima achanganyikiwe. Kwa hiyo ukienda kuzungumza, sema "kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU," na umwonyeshe kwenye simu. Mama alizisoma meseji moja moja, akanyamaza kidogo, halafu akasema tutapunguza 9,000 kwenye kodi ya chumba inayofuata ya huyo dada. Hakuwa na nia mbaya. Yeye alijua serikali inakata kwenye umeme, hakujua inamkata nani.

Usikate mwenyewe kimyakimya kwenye kodi ya chumba. Haki ni yako, lakini utaonekana umepunja, na chumba cha bei ya chini ni rahisi sana kukipoteza. Zungumza kwanza, kisha mwandikishane mstari mmoja kwenye mkataba: kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, itapunguzwa kwenye pango kwa kuonyesha meseji.

Jambo jingine linawaumiza wanaohamia. Makato hujilimbikiza. Chumba chenye mita yake kikikaa wazi miezi mitano bila mtu kununua umeme, mita inaweza kukusubiri na deni la 7,500. Kabla ya kumlipa dalali, nunua umeme kidogo kwenye mita hiyo uone kinachokatwa. Deni likiwepo, limalizwe na mwenye nyumba kabla hujaingiza godoro.

Na kwa mwenye nyumba: kama jengo lako moja lina mita mbili au tatu na zote zinakatwa, nenda ofisi ya TRA, mamlaka ya mapato, na namba za mita zote ukaombe ibaki moja. Jengo moja halipaswi kulipiwa mara tatu. Mzee aliyefikisha miaka 60 anaweza kupata msamaha kwa nyumba anayoishi mwenyewe, lakini hauji wenyewe, unaombwa.

Kuna kitu bado kinaniuma. Kiwango hiki hakitazami thamani ya jengo. Nyumba yetu yenye choo kimoja cha nje inalipa 18,000, na nyumba isiyo ya ghorofa yenye bustani kule Masaki, mtaa wa wenye nazo, nayo inalipa hizo hizo 18,000. Ni rahisi kukusanya, naelewa, na kuthamini kila nyumba ya jiji ni kazi kubwa. Ila urahisi huo anaulipia muuza vitumbua.

Siku hizi kwetu kuna daftari limefungwa kwa kamba pembeni ya mita. Anayekatwa anaandika tarehe na kiasi, na mama mwenye nyumba akija kuchukua kodi huanza kwa kulifungua hilo.