Unapofundisha ulinganifu, anza na kitendo

Wanafunzi wengi niliowafundisha hisabati hapa Mtwara huja darasani na jibu moja kuhusu ulinganifu: ni umbo linalokunjika katikati, nusu zake zikalaliana sawasawa. Jibu hilo ni la kweli lakini ni finyu. Ushauri wangu kwa mwalimu mwenzangu, au kwa mzazi anayemsaidia mtoto jioni, ni kuanza na swali jingine: ukifumba macho, nilifanyie umbo hili jambo gani ili ukiyafumbua usiweze kujua kwamba nimeligusa?

Mfano ninaoupenda hauhitaji hata kitabu. Andika kwa herufi kubwa MTWARA na LINDI. Herufi M, T, W na A zina mhimili wa ulinganifu (mstari wa kukunjia) wa wima, D ina wa mlalo, I ina yote miwili, na R na L hazina wowote. N ndiyo huleta ubishi, kwa sababu haikunjiki popote, lakini ukiizungusha nyuzi 180 inakuwa vilevile ilivyokuwa. Uache ubishi huo uchukue kipindi kizima ikibidi, maana mwanafunzi aliyeielewa N hatadai tena kwamba mstari unaounganisha pembe mbili zinazotazamana za msambamba wowote ule (umbo la pande nne ambalo pande zake zinazotazamana ni sambamba) ni mhimili wa ulinganifu.

Kisha mpeleke ufukweni Mikindani maji yakishakupwa. Kiti cha pwani, kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota na mikono mitano, hulingana akizungushwa nyuzi 72 (kwa kukadiria, kwa kuwa viumbe havikuchorwa kwa rula), ingawa alipokuwa mchanga, akielea majini, alikuwa na kulia na kushoto tu kama sisi. Samaki bapa aitwaye gayogayo naye huanguliwa akiwa na jicho kila upande, halafu jicho moja huhama mpaka yote mawili yakawa upande mmoja. Usimpe mwanafunzi sababu. Mwambie samaki huyo hulala ubavu mchangani, kisha umwache aitafute mwenyewe. Mimi huona ulinganifu uliovunjika unazaa maswali mengi kuliko uliotimia.

Kule Lindi, kwenye kilima cha Tendaguru, Wajerumani walifukua mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Hapo ulinganifu wa kulia na kushoto una kazi: mtaalamu anayekosa mfupa wa mguu wa kushoto huweza kuuunda kwa kuufuata wa kulia.

Kwa wa kidato cha tano na sita, mtaje mwanahisabati Mjerumani Emmy Noether, ambaye mwaka 1918 alichapisha uthibitisho kwamba kanuni za fizikia zisipobadilika kwa kupita kwa wakati, nishati huhifadhika, na zisipobadilika kwa kuhama mahali, momenta (tungamo la kitu mara kasimwelekeo yake) huhifadhika. Uthibitisho wenyewe unadai hisabati ya chuo kikuu, kwa hiyo usiwalazimishe kuukariri. Waache wabadilishe kitu kimoja katika jaribio, kama vile saa au mahali, kisha waeleze ni nini ambacho hakikubadilika.