Imani au matendo? Soma na mstari wa 10

Mdogo wangu umeuliza kama Paulo na Yakobo wanapingana, maana Waefeso 2:8-9 inasema tumeokolewa kwa neema si kwa matendo, halafu Yakobo 2:24 anasema mtu anahesabiwa haki kwa matendo, sio imani peke yake. Hawapingani kabisa, shida watu wanaishia mstari wa 9, hawafiki wa 10 unaosema tumeumbwa katika Kristo ili tutende mema.

Cheki Abrahamu, Paulo anachukua Mwanzo 15 pale alipoamini tu, Isaka hata hajazaliwa, Yakobo yeye anaenda Mwanzo 22 kule madhabahuni alipokuwa tayari kumtoa mwanawe Isaka sadaka, miaka mingi baadaye, mtu ni yuleyule na imani ni ileile ila sasa inaonekana. Huku kwetu Moshi mgomba hauwi mgomba kwa sababu umetoa mkungu, unatoa mkungu kwa sababu ni mgomba, lakini ukikaa miaka na miaka hautoi kitu lazima uanze kujiuliza kama uko hai.

Na yule mwizi msalabani alitenda nini jamani? Bado aliahidiwa paradiso siku ileile!

Halafu hii tusigombanie tena kati ya Walutheri na Wakatoliki, Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Kanisa Katoliki walishasaini tamko la pamoja kule Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999, kwamba Mungu anatukubali kwa neema tu na Roho ndiye anatuwezesha kutenda mema. Mimi Mlutheri niliyeoa Mkatoliki, hilo limenipa amani sana nyumbani.