Nimelipa na risiti ninayo, mbona mlango unanipigia kelele?

SWALI: Habari mhariri, naomba mnisaidie maana hili jambo limenichosha. Nilinunua sweta la mwanangu na viatu vyangu, nikapanga foleni nikalipa nikapewa risiti, kufika mlangoni alamu ikaanza kulia watu wote wakageuka. Nikasimama nikamwangalia mlinzi, yeye kanipungia mkono tu nipite, hata kuinua macho kwenye simu hakuinua. Nikarudi kwa keshia akaniambia "hiyo mashine inasumbua, we nenda tu". Basi nikaenda. Naingia duka lingine na mfuko ule ule ikalia tena, na huku mlinzi akanivuta pembeni akamwaga vitu vyangu vyote mezani mbele ya watu, mtoto ananiuliza mama umefanya nini. Nilitetemeka jamani. Kosa langu hapo ni lipi? – Mama wa Wawili

JIBU: Pole sana mama. Kosa si lako hata kidogo, kosa lilishafanyika kaunta kabla hujafika mlangoni.

Iko hivi, zile nguzo za mlangoni hazijui nani kalipa nani hajalipa, hazina habari na risiti yako, kazi yake ni kusikiliza tu kama kuna tagi, yaani kile kidude cha kuzuia wizi kinachowekwa kwenye bidhaa, ambayo bado iko hai. Tagi za stika ziko za aina mbili zinazotumika sana. Kuna ile bapa kama karatasi, ukiibandua unaona mistari ya foili imezunguka zunguka kuelekea ndani, hiyo inaitikia mawimbi ya redio ya megahezi 8.2. Na kuna kale kapande ka plastiki kaliko kavimba kidogo, kembamba, ndani kana vibati vilivyolala huru, nguzo ikituma mawimbi vile vibati vinatetemeka mara 58,000 kwa sekunde, halafu nguzo ikinyamaza vyenyewe vinaendelea kutetemeka kidogo, na hapo ndipo inapovisikia. Keshia anatakiwa akupitishie kila kitu juu ya kile kifaa cha kuzima tagi, lakini foleni ikiwa ndefu anapitisha mbio mbio, au nguo imekunjwa tagi iko juu kabisa mbali na kifaa, bei imesomeka ila tagi haijazimika. Hiyo ya vibati kwanza haifi kabisa, inaondolewa usumaku tu, ikikutana na sumaku yenye nguvu inaweza kuamka tena. Na maduka mengi yanatumia teknolojia ile ile, ndo maana tagi ya duka la kwanza ikakuaibisha duka la pili.

Kwa hiyo lile "we nenda tu" ndilo linaloniuma mimi kuliko hata kelele yenyewe. Dakika moja tu ilitosha, akachukua sweta akapita nalo mlangoni peke yake, kisha viatu peke yake, kinacholia anakirudisha kwenye kifaa. Hakufanya, akakubebesha tatizo la duka ukatoka nalo mpaka kwa watu wengine. Na huyo wa pili naye, alamu kulia siyo ushahidi wa wizi, angekuuliza kwa heshima, pembeni, siyo kumwaga mizigo ya mtu mbele ya mwanae.

Siku nyingine ikilia usikubali kupungiwa mkono, rudi kaunta na risiti mkononi useme "naomba mnitafutie tagi na muizime", wakikupuuza muite meneja wa zamu na usiondoke. Kwa sasa shika hilo sweta pitisha vidole kwenye mshono wa ubavuni kwa ndani, huwa kuna kalebo ka kitambaa kagumu kidogo, mara nyingi kamechorwa mkasi na mstari wa kukatia, kakate. Viatu inua soli ya ndani uangalie, na boksi usilisahau. Na mtoto mwambie wazi kwamba mama alilipa, mwenye duka ndo alisahau kazi yake, asibaki na picha mbaya kichwani.

SWALI: Mimi yangu ni shati, nimefika nyumbani nakuta lile dude gumu la plastiki bado limeng'ang'ania kwenye kola, na mlangoni haikulia kitu! Nilitoe kwa koleo? – Msomaji

JIBU: Hapana ndugu yangu, usiliguse. Mengine yana vichupa vya wino ndani, ukilazimisha vinapasuka na shati limekwisha. Rudi na shati na risiti, wana kifaa chenye sumaku kinalifungua sekunde moja. Ukiweza wapigie kwanza uwaambie unakuja, na ukifika onyesha risiti pale mlangoni kabla hujaingia ndani. Nauli na muda wako havirudi najua, kwa hiyo omba kuonana na meneja umwambie hivyo hivyo, kwamba mtu kalipa halafu karudishwa dukani kwa uzembe wa kaunta.