Kabla hujaenda kujitolea, angalia una miaka mingapi

Siku hizi ukisema tu una stresi, unaambiwa "nenda kajitolee bwana, utajisikia poa". Mimi nimejitolea mara mbili, ya kwanza iliniumiza, ya pili iliniokoa, kwa hiyo nina la kusema.

Ya kwanza nilikuwa na miaka 24, nimetoka chuo, ajira hamna. Nikaingia ofisi fulani kama volantia, posho hakuna, nauli hakuna, naamka saa kumi alfajiri Mbagala nagombania daladala mpaka Posta, nikifika natoa kopi, napanga mafaili, nasaini daftari la mahudhurio ukurasa wa mwisho kabisa ambako mtu aliandika kwa peni nyekundu "wengineo". Nauli nilikuwa naomba kwa dada, na kila jioni ananiuliza, vipi, wamesema chochote? Miezi kumi na moja hawakusema. Ikafika hatua usiku silali, nahesabu wenzangu waliopata kazi. Ile jamani tusiite kujitolea, ni kazi isiyo na mshahara.

Ya pili nina 44, mtoto wa mwisho kaenda bweni, nyumba kimya mpaka friji unalisikia. Jumamosi asubuhi nikaanza kwenda shule ya msingi ya mtaani kwetu kusoma na watoto wa darasa la pili. Kuna kajamaa kamoja neno ng'ombe kalikuwa kanalisoma "nigombe", wiki ya nne kakalipata, kakazunguka madawati yote kakilisema. Nilirudi nyumbani nikalala kama mtoto. Mshahara wangu upo, nauli ninayo, siku nisipojisikia siendi na hakuna wa kuninunia.

Baadaye nikasoma utafiti wa Uingereza wa 2016, wanasema uhusiano kati ya kujitolea na afya ya akili ulianza kuonekana kwa watu wa kuanzia miaka 40 hivi kwenda juu, chini ya hapo wapi. Inawezekana pia aliye sawa kichwani ndio anapata nguvu za kujitolea, sikatai, ila nilisema kumbe ile ya kwanza kuniumiza haikuwa kwa sababu ya uvivu wangu.

Wazee ndio msiwasahau. Harare mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 tu, wakafundishwa kukaa kwenye benchi na kumsikiliza mtu mwenye kile Washona wanaita kufungisisa, yaani mawazo yaliyozidi. Zanzibar nako mabenchi hayo yamefika. Ninachokipenda ni kwamba bibi anapewa kazi kweli, hakalishwi kiti cha mbele na soda kama mgeni rasmi.

Juzi mpwa wangu, ana 23, kanipigia anachekelea, "Mamdogo, nimepata sehemu ya kujitolea!" Nikamuuliza nauli analipa nani, na mwisho wake lini. Kimya. Nikamwambia rudi kawaulize hayo mawili, wakubali kuyaandika, wakigoma njoo Jumamosi tusome na watoto, ni karibu na kwako, unatembea.